Barakoa za Kwato

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni aibu kusema. Kikombe alichonywea mtu sikigusi, kitana cha kuazima sikishiki, na nikikuta unywele kwenye chakula nalala na njaa. Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa mume anayechemsha kwato za ng'ombe sebuleni. Jamani!

Mtaani wanamwita Fundi Kichogo, kwa sababu kwa miaka thelathini alitengeneza zile televisheni za zamani zenye kichogo nyuma. Zilipoingia bapa, hakuna aliyemletea tena kazi. Akafunga kibanda, akahamishia makorokoro yake nyumbani, akakaa kitini miezi saba bila kucheka. Nilidhani ndiyo basi tena.

Kilichomwinua kitini ni kifua changu. Nafanya kazi kiwanda cha unga, nashika magunia kwenye mdomo wa mashine, na ule unga laini naumeza tangu asubuhi hadi jioni. Nilianza kukohoa kidogo, halafu sana. Daktari hakunificha: "Mama, ama uache vumbi, ama uzibe pua na mdomo sawasawa. La sivyo, mwakani ngazi tatu zitakushinda." Vitambaa tulivyokuwa tunajifunga vilizuia chenga tu; unga laini ulipita utakavyo. Na kazi nisingeweza kuacha, ndiyo iliyokuwa inatulisha sote wawili.

Mume wangu alisikiliza. Siku ya tatu akachomoa transfoma ya televisheni iliyokufa, akaiunganisha na bomba la sindano lenye sindano butu. Mbele yake akasimamisha sinia langu la kuchambulia mchele, akalifunga waya hadi kwenye bomba la maji.

"Umeme mkali ukilivuta tone la kitu kinachonata, unalichomoa uzi," aliniambia, macho yakimng'aa. "Uzi mwembamba kuliko wa buibui. Ukijilaza uzi juu ya uzi, unapata utando ambao hata huo unga wenu haupenyi."

"Kitu gani kinachonata?" nikauliza.

Heri nisingeuliza. Alianza na ute wa yai, ukatapakaa ukutani matone matone. Akaja na ute wa bamia. Akaja na konokono, toba! Kumi na mmoja, ndani ya sufuria yangu ya maziwa, anawakwangua ute mmoja mmoja na kijiko. Ile sufuria niliitupa jalalani pamoja na kijiko chake, na mpaka leo chai ya maziwa hainipiti kooni. Mwisho akaenda machinjioni, akarudi na kwato. Akazichemsha kutwa nzima mpaka zikawa gundi, akachanganya na siki kali. Nyumba ikanuka mguu uliooza ndani ya soksi, na majirani wakafunga madirisha.

Na hiyo ndiyo iliyokubali.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa natoka kufua, miguu peku, mikono inachuruzika maji, nikapita mlango wa sebuleni. Mashine inavuma, na kwenye ncha ya sindano kuna kitu kama mvuke mweupe kinachezacheza. Mara ule mvuke ukaacha sinia ukanifuata mimi. Haki ya Mungu, ulinifuata! Nywele zikanisimama, na usoni nikahisi kitu chepesi kinanitambaa: nyusi, pua, midomo. Nikapangusa, kikanata vidoleni. Nikalamba mdomo bila kufikiri, nikapata ladha ya kwato na siki.

"Usisogee!" akapiga kelele huku anazima mashine, na anacheka. Anacheka! "Umelowa, umesimama peku, umeme umekuona wewe ni njia rahisi kuliko sinia! Mke wangu, imekubali!"

Nilitapika pale pale kwenye kizingiti. Yeye anacheka mpaka machozi, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikakumbuka kwamba kwa miezi saba sikuwa nimeisikia sauti ile.

Barakoa ya kwanza aliishona kwa mkono: kitambaa nje cha kukinga chenga, utando ndani wa kukinga unga laini. Akanipa kama anayenikabidhi mtoto mchanga.

"Naogopa kitu kimoja tu," alisema. "Pumzi. Pumzi ina maji, na gundi hii haipatani na maji. Nimeufukiza utando kwa moshi ili ukaze, lakini sina hakika. Ivae kutwa. Jioni uniambie imelowa saa ngapi."

Niliivaa getini kwa kiwanda. Pumzi moja tu, ile harufu ikanipanda hadi kwenye ubongo, roho ikanichafuka. Nikaivua, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikajifunga kitambaa changu cha siku zote. Jioni, kabla ya kutoka, nikaipaka unga kwa nje.

Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nje unga mtupu, ndani safi kabisa. "Hata chembe haijapita!" Akanigeukia. "Imelowa?"

"Haijalowa. Kavu hivyo hivyo."

"Hata mchana, joto lilipokolea?"

"Nimekwambia kavu, mume wangu. Wewe ni fundi, bwana!"

Hivyo ndivyo nilivyomvika kilemba cha ukoka mume wangu mwenyewe. Kila siku alinipa barakoa mpya, kila siku nikaipaka unga. Kikohozi hakikupungua. Nikawa nakoholea uani, na akinisikia namwambia ni vumbi la zamani linatoka. Akaniamini. Kwenye daftari lake akaandika kavu, kavu, kavu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku kumi na nane.

Anayeshika gunia pamoja nami pale mashineni ni mwanamke tunayemwita Kicheko, kwa sababu hata msibani hujizuia kwa shida. Kifua chake ni kibovu kuliko changu. Jumamosi ya tatu mume wangu akaniambia amezungumza na msimamizi wetu, na ametengeneza barakoa kumi na mbili za wapakiaji wote, mimi nikiwemo.

"Kicheko apewe wa kwanza," alisema. "Maskini, yule anakohoa mpaka namwonea huruma."

Nilikuwa na Jumapili nzima ya kufungua mdomo. Nilifua. Nilipiga pasi. Nilisugua sufuria ambazo hazikuwa chafu. Mara mbili nilimwita, na alipoitika nikamuuliza kama anataka chai.

Jumatatu akaja mwenyewe, amevaa shati lake la kwendea harusini. Akakaa kando ya mizani, saa mkononi, daftari gotini. Wenzangu wakavaa huku wanamtania.

"Fundi, mbona hii inanuka supu?" Kicheko akasema, akacheka, akaifunga.

Mimi nilisimama upande wa pili wa mashine asikoniona vizuri. Yangu niliining'iniza shingoni, usoni nikajifunga kitambaa changu.

Dakika ya kumi mmoja akajikuna pua. Haikupita muda nikasikia mtu anatema. Utando uligeuka makamasi, unashuka midomoni, unaingia puani kila mtu akivuta pumzi. "Ptuu! Nini hiki?" Wakazivua, zikawa zinabanduka usoni kamba kamba. Kicheko hakuweza kuvua. Alikuwa ameshika gunia linalojaa kwa mikono yote miwili, na kikohozi kikamshika hapo hapo. Mtu akikohoa lazima avute pumzi. Akavuta. Macho yakamtoka, gunia likaanguka, sauti haitoki.

Niliyekuwa karibu ni mimi. Mimi wa kinyaa! Nikaipasua barakoa yake, nikamtia vidole viwili kooni. Nikakuta kitu cha uvuguvugu kinachoteleza, nikakishika, kikaniponyoka, nikakishika tena kwa kucha. Nikavuta. Kikaja kirefu, kinanyumbuka, na unga na mate na damu kidogo, kikanizunguka mkono hadi kwenye kiwiko. Kisha akanitapikia kifuani, akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kufurahia matapishi ya mtu isipokuwa yale.

Mashine ikazimwa. Wakamtoa Kicheko nje apate hewa, na msimamizi akamwambia mume wangu akusanye uchafu wake aondoke. Wenzangu wakamrushia barakoa zao miguuni, pwa, pwa. Aliinama akaziokota moja moja, anazifungua kwa vidole, anatazama saa, midomo inahesabu. Zikafika kumi na moja. Akainuka kutafuta ya kumi na mbili, akaiona shingoni kwangu.

Akanijia. Akapitisha kidole ndani yake polepole, kama afanyavyo kila jioni dirishani.

"Hii mbona kavu?"

Akafungua daftari, akateremsha kidole kwenye ile kavu, kavu, kavu mpaka chini ya ukurasa.

"Hukuvaa hata moja," akasema.

"Zilinitia kinyaa," nikasema. "Halafu ulikuwa umeanza kucheka, nami nikaona..."

"Ungeniambia siku ya kwanza kwamba imekushinda, ningetafuta gundi nyingine." Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningepata nafuu. "Nilikuwa na siku kumi na saba."

Nje Kicheko alikuwa anakohoa, kikohozi cha kukwaruza. Mkono wangu ulikuwa bado unanata mate yake, na sikuhisi kitu. Kinyaa chote kilikuwa kimenigeukia mimi mwenyewe.

Nikavua kitambaa changu, nikaipandisha ile barakoa, nikaifunga kisogoni mafundo mawili. Nikaenda kusimama mahali pa Kicheko.

"Hesabu," nikamwambia.

Kwato, siki, moshi. Alisimama na saa yake, haniangalii machoni, anaiangalia barakoa tu. Nikavuta, nikatoa, nikavuta. Ilipoanza kulainika upande wa kushoto nikainua kidole. Iliponigusa ulimi nikainua mkono wote.

"Dakika kumi na tatu," akasema. Akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akaikata kavu ya siku ya kwanza, akaandika kumi na tatu juu yake.