Pampu Iliyowashwa na Kwaya

Pampu ya Aluoch ilikuwa ikijiwasha yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Aluoch yuko jikoni anageuza omena kikaangoni, rimoti imening'inia kwenye msumari wake, na huko chini pampu inaanza kunguruma. Maji yanapanda, tangi linajaa, linafurika, na yote yanamwagikia mabati ya kanisa la jirani. Boya la kuyakata maji lilikwama zamani, na Aluoch alikuwa amesema libaki hivyo hivyo, rimoti inatosha.

Ploti yake iko Kabiro, Kawangware, orofa tatu za wapangaji. Aliyefunga pampu na rimoti ni Shiundu, fundi wa stima anayeishi Kibera, karibu na soko la Toi. Kwa hiyo aliyepigiwa simu ni Shiundu.

"Wewe, uliniuzia pampu ama jini?"

"Mathe, hiyo ni stima tu inacheza. Nitapita."

"Utapita leo. Jumamosi Nashon anakuja kuiona."

Nashon ni kakake Aluoch. Alikuwa amemaliza nyumba kule Ayany na alitaka kila kitu kiendeshwe bila waya: geti, taa, pampu, hata mapazia. Dada yake alikuwa amejisifu kwamba ana fundi wake. Nashon akasema sawa, ataangalia kwanza kazi ya huyo fundi pale Kabiro. Akiridhika, atampa nyumba nzima. Asiporidhika, kuna vijana wa mjini wenye fulana zilizoandikwa jina la kampuni. Shiundu ameishi kwa kubadilisha soketi za watu na kuning'iniza balbu. Kazi kama ile ya Ayany ilikuwa haijawahi hata kumpungia mkono.

Akaja. Akabadilisha swichi ya pampu, akakaza nyaya, akapanda juu akachungulia tangi kama daktari anayechungulia koo. Hakuona kitu.

"Imepona," akasema.

"Umeifanya nini?"

"Nimeikaza."

Alikuwa bado ameshika bisibisi Sista Becky alipofika kufungua kanisa kwa mazoezi ya kwaya. Becky ndiye mwenye funguo, mwenye taa, na mwenye neno la mwisho juu ya sauti ya tatu. Akasimama mlangoni, akaelekeza rimoti ndani, akabonyeza. Taa za kanisa zikawaka.

Pampu ikawaka.

Aluoch akamtazama Becky. Becky akatazama juu.

"Inaanza tena," Becky akasema kwa huzuni. "Tumefunga na kuomba juu ya hiyo paa, dada yangu. Maji yanaingia mpaka kwa ngoma. Lakini Mungu ni mwaminifu, tukisema amina ya mwisho yanakata."

"Yanakata kwa sababu mkisema amina mnazima taa! Hebu zima."

Becky akabonyeza. Kanisa likawa giza, pampu ikanyamaza.

"Hiyo rimoti ulipewa na nani?"

"Na huyu hapa, fundi Shiundu."

Shiundu akaanza kuikagua bisibisi yake. Ukweli ni kwamba alikuwa na utaratibu wake. Hununua rimoti kwa katoni, na zote huzifundisha namba moja. Alifanya hivyo makusudi. Huku kwetu rimoti haikai: mtoto anaitupa chooni, mwingine anaibadilisha kwa mandazi. Mteja akimpigia simu analia, Shiundu huchomoa nyingine mfukoni na inaingia papo hapo, geti la huyu, taa za yule. Watu walimsifu kwa hilo. Hakuwahi kuwaza itakuwaje siku wateja wawili wakiwa majirani, na kanisa lilikuwa limehamia pale mwaka huo tu.

"Kwa hiyo ukibonyeza hiyo yako ya mfukoni," Aluoch akauliza polepole, "unafungua nyumba ngapi?"

"Inategemea nimesimama wapi."

"Shiundu!"

"Nitabadilisha namba, mathe. Ni dakika mbili."

"Sitaki namba. Fundi mwenye atakuja kesho na katoni nyingine si atakuwa na hiyo hiyo? Nataka kitu Nashon akikiona nisiangalie chini."

Asubuhi iliyofuata Shiundu alikuwa Toi, kwa Munyao, ambaye kibanda chake cha mabati kimejaa vifaa vya stima mpaka yeye mwenyewe hukaa nje.

"Niaje fundi. Leo katoni ngapi?"

"Leo sitaki katoni. Nipe kontrola isiyo na wazimu."

Munyao akacheka, akaingia kwa ubavu, akatoka na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na picha ya mama wa Kizungu akitabasamu na simu. "Hii inashika waifai. Mteja yuko Kisumu, anawasha pampu Nairobi."

"Na waifai ikikatika?"

"Si italipwa."

"Munyao, kwa ile ploti waifai ni ya watu sita wanachangishana. Kila mwezi kuna mmoja amefiwa. Watu watakaa bila maji wakingoja matanga yaishe?"

"Haya, bwana mkubwa. Basi hii." Boksi la pili halikuwa na mama yeyote, lilikuwa na kisanduku cheupe, swichi zake na rimoti. "Hiki kisanduku kinaongea na swichi zake moja kwa moja. Mtandao ukiwepo, unatumia simu. Ukikosa, unatumia rimoti yake, kazi inaendelea. Kila swichi inaandikishwa kwake peke yake, rimoti ya jirani haiisikii hata ukiipigia magoti."

Shiundu hakuamini boksi. Alichukua swichi moja akaiweka ndani ya kibanda, akafunga mlango wa mabati, akavuka njia mpaka kwa wauza viatu, akabonyeza rimoti yake. Ndani ikalia tik, Munyao akamwinulia kidole gumba. Akasogea mpaka kwenye mitumba ya watoto. Tik. Kisha akamwambia Munyao achomoe stima ghafla swichi ikiwa imewaka, na airudishe.

"Ya nini sasa?"

"We chomoa."

Stima iliporudi, swichi ilikaa kimya, imezimika, ikingoja kuambiwa. Hicho ndicho alichotaka. Ile ya mama mwenye tabasamu walipoichomoa na kuirudisha iliwaka yenyewe. Pampu ikiwaka hivyo usiku hakuna mtu, tangi la chini inakovuta maji likiwa tupu, inaungua.

"Nachukua nyeupe."

"Hiyo si ya mkopo, fundi. Hata kwako."

Shiundu akafungua begi. Akaitoa drili yake, ile nzito ya kutoboa zege, akaiweka juu ya meza. Munyao akaigusa, akawasha, akazima.

"Una uhakika?"

"Funga hiyo boksi kabla sijabadilisha mawazo."

Jumamosi Nashon alifika amevaa kofia ya kiungwana. Hakusalimia sana. Alimwona Shiundu ameketi ngazini, akaomba simu ya dada yake, akabonyeza. Pampu ikanguruma. Akabonyeza tena, ikazima. Akamwambia Becky awashe taa za kanisa. Kanisa likawaka, pampu haikujali. Nashon akaiwasha tena, na hapo hapo stima ya Kabiro nzima ikapotea, jinsi inavyopotea kila mara.

Wakangoja. Aluoch akatoa chai. Shiundu hakuinywa, aliishika tu. Stima iliporudi redio zikaanza kupiga kelele kila orofa, na pampu ikabaki imelala.

"Omera, ndugu yangu," Nashon akasema, "hii ni sawa. Kwa nyumba yangu ni hii, si nyingine."

Shiundu akainywa ile chai.

"Lakini dada yangu ameniambia habari ya ile rimoti ya mfukoni mwako. Wateja wako wote bado wana ile namba moja?"

"Wengi, mzee."

"Basi zunguka kwanza kwa kila mmoja, umtenganishe na wenzake, na umwambie kwa nini. Kwa mdomo wako. Ukimaliza, njoo Ayany. Siwezi kumpa geti langu mtu ambaye amewaacha wengine wazi."

Shiundu alizunguka, Kibera na Kawangware. Kazi ya Ayany akaipata.

Ilimgharimu hivi. Drili moja, ambayo Munyao aliiuza kabla wiki haijaisha. Ngozi mbili za ngoma za kanisa, maana Becky alisamehe dhambi lakini hakusamehe ngoma. Boya moja jipya la tangi. Rimoti kumi na tisa, zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wenyewe. Wiki mbili za kazi ya bure. Na wateja watatu waliomsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru kwa kusema ukweli, wakatafuta fundi mwingine.