Bokilo Ana Habari

Hélène aliuza nyanya kwa mafungu, sita katika kila fungu, juu ya gunia alilolitandika karibu na mlango wa soko. Angèle alipoinama kuchagua, Hélène alimtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Ni weye tena," alisema. "Roho mubaya namna hii, na bado tumbo inakuomba chakula."

"Inaniomba, mama Hélène."

"Na ile mutoto ulimufukuza ndani ya mvua, ile siku alikula nini? Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Basi shika nyanya yako, utoke mbele yangu."

Huku akisema hivyo, mkono wake uliokota nyanya ya saba, iliyoiva kuliko zote, ukaiweka juu ya fungu. Hiyo ndiyo matabishi, nyongeza ambayo mwuzaji humpa mteja anayempenda. Hélène hakuwahi kumnyima Angèle matabishi hata siku moja, wala hakuwahi kumpa kabla ya kumtukana.

Angèle alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, mshonaji wa mtaa wa Shari, mwenye sauti ya chini na magoti yanayouma. Lakini mjini Bunia hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bokilo, yaani mkwe kwa Kilingala, kwa sababu katika sinema ya mwalimu Donatien yeye ndiye mama mkwe anayemtesa mke wa mwanawe. Ilikuwa sinema ya watu wasio na kitu. Kamera ni ile ile aliyopigia Donatien picha za arusi. Nyumba iliazimwa, vikwembe vya kuvaa viliazimwa, na sufuria mpya iliyong'aa ilikuwa ya Hélène. Hata hivyo kaseti zake mbili zilitazamwa katika nyumba ya video ya Rachidi mpaka zikaanza kukwaruza.

Kaseti ya pili iliishia pabaya. Furaha, yule mke kijana, anatoka kwenye mvua, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na Bokilo anafunga mlango. Sehemu ya tatu, ambamo mkwe anarudi na Bokilo anampigia magoti mlangoni, iliahidiwa kwa Noeli ya mwaka 2002. Lakini vita vilizidi, Donatien akakimbilia Beni na kamera yake, na watu wakabaki na ule mlango uliofungwa.

Angèle alikuwa na mlango mwingine, ambao watu hawakuujua.

Aliyecheza Furaha aliitwa Fifi, binti wa miaka ishirini na minne, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, vita vilipoingia Shari, watu wa kabila la kina Fifi ndio waliosakwa nyumba kwa nyumba. Asubuhi ile mtu alibisha kwa Angèle mara tatu, akaita, "Mama." Angèle alikuwa amelala chini ya kitanda, mkono mdomoni. Aliijua sauti. Hakufungua. Alipotoka, nyumba ya tatu ilikuwa inaungua, na barabarani hapakuwa na mtu.

Miezi miwili baadaye zamu yake ya kukimbia ilifika. Katika njia ya Komanda, mwanamke mmoja aliyebeba godoro kichwani alimtazama mara mbili, akacheka kwa uchovu. "Bokilo, leo hata weye umefukuzwa. Sasa unajua." Kisha akateremsha kidumu chake, akamnywesha maji, na wakatembea pamoja mpaka jua likatua. Hakumwuliza yeye ni wa kabila gani. Siku zile kila mtu alikuwa akiulizwa, kwa hiyo Angèle alilitia jambo hilo moyoni. Lakini alipokuwa akinywa aliukumbuka mlango wake, maana mwanamke huyu hakumjua ila katika sinema, akamsaidia, na yeye Angèle alimjua yule aliyebisha, asimfungulie.

Mwezi wa tisa, mji ulipoanza kupumua na Angèle akiwa amesharudi Shari, Donatien alirudi kutoka Beni. Alikuja moja kwa moja kwa Angèle, kamera begani.

"Nimepata kaseti mbili mupya," alisema. "Mbili tu, mama. Hatutarudilia kitu. Jumapili ingine nitarudi Beni, watoto yangu iko kule. Tupige sehemu ya tatu Siku ya Posho, kesho yake nitoke."

"Na Fifi?"

Donatien alikuna ndevu. "Tutafute musichana mwingine. Tutamufunga kitambaa, tutamupiga picha kwa nyuma."

"Apana," Angèle alisema. "Nitamuomba musamaha ule nilimufukuza mwenyewe."

Donatien alidhani anaongea habari za sinema, akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

Basi Jumapili baada ya misa, Angèle aliingia katika nyumba ya video ya Rachidi. Rachidi alikuwa amechimba dhahabu Mongbwalu miaka saba, akatoka na jenereta moja, televisheni moja na mgongo mbovu. Watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Alipomwona Angèle alizima televisheni, akampa mkono apande juu ya kreti ya bia, akabaki ameushika mkono ule.

"Nyamazeni," Rachidi alisema. "Bokilo iko na habari."

"Habari gani? Amekufa?" mtu aliuliza kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

"Sijakufa," Angèle alisema. "Sehemu ya tatu iko tayari kupigwa. Siku ya Posho, mbele ya nyumba yangu. Nitamuomba Furaha musamaha. Muko wote wa kualikwa."

Kelele zilizopanda zilitikisa mabati. Wengine walipiga makofi, wengine walisema ni uongo, Bokilo hawezi kuomba msamaha hata kwa Mungu. Mzee Athanase, fundi wa baiskeli, alisema yeye atakuja kumwona akipiga magoti, na ataleta kiti ili atazame vizuri.

"Lakini Fifi hayuko," Angèle alisema, na sauti yake ya chini iliwalazimu kunyamaza. "Sijui iko wapi. Sijui kama iko muzima."

Kila mtu mle ndani alijua nyumba ya tatu ilichomwa siku gani, na baadhi yao walijua zaidi ya hapo.

"Iko muzima," Hélène alisema mwishowe. Alikuwa ameketi karibu na ukuta. "Iko kwa kambi ya wakimbizi, kwa uwanja wa ndege, na mama yake. Wauzaji ya samaki ya Tchomia walimuona. Walisema hawezi kuvuka daraja kuya huku."

"Atavuka namna gani?" kijana mmoja alisema. "Ule ni mutu ya kule."

Hélène aligeuka akamtazama kama alivyozoea kumtazama Bokilo. "Mutu ya kule nani? Ule ni Furaha. Alifukuzwa na mutoto mugongoni, weye mwenyewe ulilia hapa, nilikuona. Tena iko na sufuria yangu tangu ile sinema."

Watu walicheka, na kijana akacheka pia, akifuta uso. Angèle, juu ya kreti yake, hakucheka. Alikuwa amewasikia majirani hawa hawa wakiapa kwamba wa kule hawatarudi Shari. Sasa walikuwa wakipanga nani atakwenda kumchukua.

Alhamisi walikwenda wanawake sita, Hélène mbele, Angèle mwisho. Walibeba bugali na sombe ya majani ya muhogo, vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Walipofika kwenye daraja lililogawa pande mbili za mji, hatua zilipungua, na Hélène akaanza kuongea kwa sauti juu ya bei ya chumvi mpaka wote wakawa ng'ambo.

Kambini, mwanamke aliyekuwa akichota maji alisimama wima, akamnyoshea Angèle kidole.

"Bokilo. Hata hapa umemufuata?"

Wengine walitoka chini ya maturubai. "Angalia uso yake." "Ile mutoto alikukosea nini?" "Iko mufupi kuliko kwa televisheni." Matusi yalimnyeshea Angèle kutoka kila upande. Hélène alisikiliza kidogo, kisha akaongeza la kwake, kwamba hata nyanya huwa zinaogopa mkono wa huyu. Wale wa kambi walimcheka Bokilo pamoja naye, na mmoja akamsogezea Hélène kidumu akalie. Angèle alisimama katikati, akaona jinsi walivyosogeleana. Hakuwahi kufurahia kutukanwa kama siku hiyo.

Fifi alitoka mwishoni. Alikuwa amekonda, na alikuwa ameshika ile sufuria. Haikung'aa tena; ilikuwa nyeusi kwa moshi, imebonyea ubavu mmoja. Alimwangalia Angèle.

Mama yake, Léonie, ndiye aliyesema. "Sufuria yenu hii hapa. Mutoto yangu hapana."

"Sufuria sikuifuata," Hélène alisema. "Umepikia mutoto ndani yake, ni yako. Siye tunaomba Fifi siku moja tu. Tutakuya kumuchukua siye wenyewe, na tutamurudisha mbele ya jua kutua."

"Na mutu akimugusa?"

Hélène aliinuka kwenye kidumu. "Ile siku nyumba yenu ilichomwa, nilikuwa kwa dirisha," alisema. "Nilibaki kwa dirisha. Siku ya Posho nitakuwa kwa barabara."

Léonie alimtazama mpaka Hélène akateremsha macho. Kisha aligeuka kwa binti yake, maana neno lililobaki lilikuwa la Fifi.

"Ni yeye atapiga magoti?" Fifi aliuliza, akimwonyesha Angèle kwa kidevu.

"Ni miye," Angèle alisema.

"Nitakuya."

"Basi hata miye nitakuya," Léonie alisema. "Nitasimama karibu na ile kamera, na sitatoka pale."

Siku ya Posho, yaani Jumamosi, wale sita walikuwa wamekuwa kumi na tisa. Walimweka Fifi katikati, Léonie kando yake, wakavuka daraja kama watu wanaosindikiza bibi arusi. Huko Shari watu walisimama mbele ya milango yao. Angèle alikuwa akisubiri mbele ya mlango wake, na alizisikia sauti kabla ya kuwaona. "Furaha, karibu." "Furaha, umekonda." "Mumupatie njia apite." Hakuna aliyeita jina la kabila. Mzee Athanase alikuwa amekuja kweli na kiti chake. Alimwona Léonie amesimama, akainuka, akampa.

Donatien aliiona sufuria, akashika kichwa. "Lakini kwa sehemu ya pili ilikuwa mupya. Na hii ni siku ile ile, anarudi."

"Acha ikuwe nyeusi," Hélène alisema. "Ametoka mbali."

Kamera ikawaka. Fifi alikuja polepole barabarani, kikwembe kilichofungwa kama mtoto mgongoni, sufuria kichwani, akasimama hatua tano kutoka mlangoni. Angèle alitoka. Maneno ya Bokilo aliyajua kwa moyo, aliyarudia kwa miezi mingi juu ya cherehani yake. Alipiga magoti kwenye changarawe, na yote yakamtoka kichwani.

"Musamaha," alisema tu. "Mutoto yangu, musamaha."

Hapo Furaha alipaswa kujibu, "Mama, nimesamehe," na kaseti iishe. Fifi hakujibu hivyo. Aliishika sufuria kichwani kwa mikono miwili.

"Ile siku nilibisha," Fifi alisema.

Donatien aliinua macho kutoka kwenye kamera. Neno hilo halikuwamo katika aliyoyaandika. Lakini kaseti ilikuwa inazunguka, akarudisha jicho.

"Nilisikia," Angèle alisema.

"Mara tatu."

"Mara tatu. Nilikuwa chini ya kitanda. Niliogopa, nikakuacha inje."

Mahali fulani nyuma ya Athanase mtu aliguna, "Tazama vile anajua kucheza," na mwingine akamnyamazisha. Angèle hakuinua uso. Alikuwa akitazama miguu ya Fifi, kandambili mbili zisizofanana, na alijua kwamba kama miguu hiyo ingegeuka na kurudi darajani, ingekuwa haki yake.

Miguu ilisogea. Moja, mbili, tano. Sufuria nyeusi ikashuka mbele ya macho yake.

"Shika, mama," Fifi alisema. "Ni muzito, na nimechoka kubeba."

Angèle aliipokea. Alishindwa kuinuka nayo, kwa magoti yale, basi Fifi akamshika chini ya kwapa, akamnyanyua, na wakaingia ndani pamoja kupitia mlango ule. Angèle hakuufunga. Donatien alipiga picha ya mlango ulio wazi mpaka betri ikazimika, na hakujua kwamba imezimika mpaka Léonie alipomgusa bega.

Kabla ya jua kutua walimrudisha Fifi kambini, kama walivyoahidi, na sufuria pia, ikiwa na kuku ndani.

Jumatatu Angèle alikwenda sokoni. Aliinama mbele ya gunia, akangoja matusi. Hélène alimpa fungu lake kwa mikono miwili.

"Bonjour, mama Angèle. Uliamuka muzuri?"

Angèle alishangaa kusikia jina lake mwenyewe. Alihesabu nyanya. Zilikuwa sita.

"Na matabishi yangu?"

"Matabishi ilikuwa ya Bokilo, nilikuwa ninamuonea huruma juu kila mutu alimuchukia," Hélène alisema. "Weye sasa uko mutu muzuri. Utalipa sawa na watu wote."

Wauzaji jirani walicheka, na Angèle akacheka nao, akaanza kufunga nyanya zake. Ndipo mkono wa Hélène ulipookota nyanya ya saba, ukaigeuza, ukairudisha, ukachagua nyingine iliyoiva zaidi.

"Hii ni ya Furaha," alisema. "Umupelekee. Umwambie nauliza lini atakuya kujenga nyumba yao."

Angèle aliifunga nyanya ile peke yake katika pembe ya kikwembe chake, isipondeke, akashika njia ya daraja.