Mtoto Aliyetoka Kimya

Wifi yangu, mke wa kaka, alipasuliwa akiwa macho, ganzi kiunoni, pazia la kijani kifuani. Alisikia mtoto akitolewa. Hakumsikia akilia. Akauliza, akajibiwa, "Tulia, mama." Chumba kile cha upasuaji wana mtindo wao: mtoto asipolia, hakuna anayefungua mdomo. Eti wasimshtue mzazi.

Kufika wodini kifua kikambana, pumzi zikawa fupi. Nikamtania, "Hiyo gesi, wifi. Jamba tupumzike." Hakucheka, na hapo nikaogopa kweli. Yeye hucheka hata msibani.

Daktari alimpima kwa mashine, akaniita koridoni. Mishipa ya moyo ni mizima, alisema, ila moyo wenyewe umelegea kwa mshtuko, na maji yanaanza kujaa mapafuni. Akitulia atapona. Asipotulia, tunaweza kumpoteza.

"Msimwambie lolote la kumtia hofu," akaongeza.

Basi tukawa na wimbo mmoja. Kaka: mtoto mzima, usijali. Nesi: mzima, usijali. Mimi nilisema mpaka ulimi ukachoka, mgongo ukiniuma kwenye kile kiti cha plastiki, na moyo wa wifi ulizidi kwenda mbio.

Jioni wakamleta mtoto kutoka chumba cha joto. Wifi akamtazama, mikono kailaza juu ya shuka.

"Mmemwazima kwa nani?"

"Ni wako, wifi. Ona lebo mkononi, jina lako hilo."

"Lebo huandikwa. Wangu hakulia, masikio ninayo. Mrudisheni kwa mama yake, asije akamtafuta."

Nesi akanikonyeza ninyamaze. Nilikuwa nimechoka kunyamaza.

"Alitoka kimya, wifi," nikasema. "Alikuwa hapumui. Walimkimbiza chumba cha pili, wakampulizia hewa, wakamsugua mgongo. Akalia huko huko, wewe ukishonwa. Waliogopa kukwambia, wakatuambia sisi. Na sisi tukaogopa."

Nesi akasonya. Wifi akafumba macho, machozi yakamtiririka mpaka masikioni, nami nikaikodolea macho ile mashine ya mapigo ya moyo nikijua nimemuua.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Sasa mlikuwa mnanificha nini?"

Akainua mkono wenye dripu, akafunua shuka kifuani.

"Mlete. Taratibu, mshono unauma."