Bado, Alijibu Nyaruot

Nyaruot alinijibu kwa neno moja tu, nikacheka, na kicheko changu nusura kimuue. Nalisema hilo mwanzo ili msomaji asinidhanie shujaa. Mashujaa wa kujiandika wenyewe wamejaa Juba hii. Majina yao ninayo, na siku yao itafika. Leo nashukuru. Na mtu mwenye hasira kama zangu akishukuru, mwacheni amalize.

Naitwa Duku. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sabuni, miaka ile tuliyokuwa wakimbizi Adjumani, upande wa Uganda. Tuliporudi nikawa mchukuzi Sherikat, karibu na daraja, malori ya kutoka Nimule yanaposhusha mizigo. Nikaona wachukuzi wanavyotumikishwa, nikaanza kusema. Walioniudhi walikuwa wengi, ila aliyekuwa karibu na ulimi wangu kila siku ni Yafesi, Mganda mwenye bohari ya saruji na mafuta ya kupikia, mlokole wa kulalia Biblia.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kuamini neno "nimefika". Dereva akiwa bado Nesitu, mwendo wa saa nzima na ushei kutoka hapa, humpigia simu: "Bosi, nimefika." Yafesi huyo, anatukusanya wachukuzi ishirini juani, tusiende kutafuta kibarua kwingine. Kumbe lori liko Nesitu limepasuka tairi, au dereva kaketi anakula mbuzi choma. Tunangoja mpaka jua linazama. Kwa ajili ya neno hilo nilisimamisha kazi siku tatu, nikaandika kwa mkaa kwenye lango lake, herufi kubwa: NESITU SIYO JUBA. Mpaka leo ukilitazama lango lile vizuri utaziona.

Kosa la pili lilikuwa swali lake. Mteja, mchukuzi, askari wa barabarani, kila mtu aliulizwa: "Umeokoka?" Hata ile siku ya uhuru, Julai tisa, bendera inapanda, wazee wanalia, mimi sauti imenikauka kwa kupiga kelele, Yafesi alinishika bega.

"Duku, nchi imeokoka. Wewe je?"

"Mimi Mkatoliki. Nimebatizwa, khalas."

"Kubatizwa ni maji. Mimi naulizia uhakika. Mimi iko na uhakika. Leo nakufa, leo naingia."

"Cheti ulipewa ofisi gani, mlokole? Nionyeshe muhuri."

Watu walicheka, nami nikaondoka kama mshindi. Lakini kweli ni kwamba nilimwonea wivu. Mimi sikuwahi kuwa na uhakika wa kitu chochote, hata wa kiwanja nilichokuwa nalala juu yake. Na usalama wa roho yangu? Nilijua nilivyo. Nasamehe kwa shida, na sisahau.

Mtu aliyemweza Yafesi alikuwa Nyaruot. Aliuza chai pale malori yanapoegeshwa: mwanamke wa Kinuer, mrefu kama mlingoti, Mkatoliki, aliyekulia kambi ya Kakuma kule Kenya, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha mbio.

"Mama chai, umeokoka?"

"Bado, mzee. Sukari ngapi?"

"Bado! Kila siku bado! Kanisa yenu inawafundisha nini?"

"Inatufundisha tusipige simu tukiwa Nesitu."

Wachukuzi waliangua kicheko, mmoja akamwaga chai yake. Yafesi hakucheka. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua anaumwa. Nyaruot alipoona hivyo akaweka birika chini.

"Sikia, mzee. Barabara naiamini. Mwenye kuijenga namwamini kabisa, yeye hajawahi kuniangusha. Dereva ndiye simwamini, na dereva ni mimi. Ndiyo nasema bado. Lakini bado si kwamba nimesimama. Bado niko njiani."

Tangu hapo "bado" ikawa salamu yetu. Ukikutana na Nyaruot unamwuliza, "Umeokoka?" naye anakujibu, "Bado," mnacheka, unapata chai. Hata alipohamia Hai Amarat, ng'ambo ya mto, kupika kwenye mkahawa mmoja wa huko na kulala chumba cha nyuma, utani ule alihama nao.

Ikaja Desemba ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Bunduki zilianza Jumapili. Jumanne asubuhi tulikuwa tumejifungia ndani ya bohari ya Yafesi, wachukuzi kumi na mmoja nyuma ya mifuko ya saruji, na habari ilikuwa imetufikia kwamba wenye silaha wanawasaka Wanuer nyumba kwa nyumba. Nchi ina miaka miwili na nusu! Nilitetemeka kwa hasira kabla sijatetemeka kwa hofu. Ndipo nikamkumbuka Nyaruot. Simu hazikupita, ujumbe ulipita. Nikaandika neno moja: "Umeokoka?"

Nilikuwa naulizia risasi. Kwa Kiswahili neno ni lilelile.

Saa tatu jibu likaingia: "Bado."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, nikawasomea wenzangu, nao wakacheka. Nyaruot anatania! Mtu anayetania yuko mzima, amejifungia mahali na chai yake. Nikaitia simu mfukoni, roho ikatulia.

Saa sita Yafesi akaingia kuchukua madumu ya maji. Alikuwa anajiandaa kuwapeleka Waganda wenzake Nimule kwa pikapu. Mimi, hata siku ile, sikuweza kumpita bila kumchokoza.

"Mlokole, kondoo wako wa Amarat bado hajaokoka. Soma."

Akasoma. Akaweka dumu chini.

"Nani alimwuliza?"

"Mimi."

"Siyo mimi?"

"Si wewe."

"Duku. Tangu nakujua, wewe uliwahi kumwuliza mtu habari ya Mungu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi huyu mama hajibu habari ya Mungu. Iko anakuambia hajapona! Bado! Na wewe unacheka tangu saa tatu!"

Miaka yote nilimwona mjinga kwa kuamini kila neno aambiwalo. Siku ile, katika bohari nzima, ni yeye peke yake aliyeliamini neno la Nyaruot. Waganda wake aliwaambia wangoje kidogo, akawasha pikapu, nami nikapanda bila kualikwa.

Tulimkuta katika stoo ya mkahawa, nyuma ya mifuko ya unga, magoti kifuani. Mwenye mkahawa alikuwa amekimbia. Wenye bunduki walikuwa wamepita mara mbili, na mara ya pili waligonga mlango wa stoo kwa kitako.

"Betri ilikuwa inakwisha," akaninong'oneza. "Niliweza kuandika neno moja tu. Nikajua Duku ataelewa."

Nilimfunga kanga ya kichwani, nikamshika mkono. Begi lake la nguo nikalitupa nyuma ya pikapu.

Barabara ya kambi ya Umoja wa Mataifa, Wanuer walikokuwa wanakimbilia, ndiyo iliyokuwa inaviziwa, kwa hiyo tulirudi kwa daraja. Hapo sasa palikuwa na kizuizi ambacho wakati wa kwenda hakikuwapo. Kijana mwenye macho mekundu akaegemea dirisha, akamwelekezea Nyaruot mtutu. "De munu?" akauliza kwa Kiarabu cha Juba. Huyu ni nani?

Niliona tumekwisha, kwa sababu namjua Yafesi. Alishawahi kumfukuza dereva kwa kudanganya saa ya kufika. Mtu huyu hasemi uongo, hata mtoto wa sokoni anajua. Nikafungua mdomo niseme mimi, yeye akaniwahi.

"Dada yangu."

"Dada wa mama mmoja?"

"Wa Baba mmoja."

Askari akamtazama Yafesi, mfupi, mviringo kama pipa. Akamtazama Nyaruot, kichwa kinagusa paa la gari.

"Baba yenu alikuwa mrefu?"

"Mrefu sana," akasema Yafesi. "Mwisho wake huuoni."

Askari akacheka. Akamgeukia Nyaruot, akamtaka aseme anakwenda wapi. Nyaruot akamjibu kwa Kiswahili chake cha Kakuma, kwa mbio, kama mwanamke aliyechoshwa na safari: "Si tunaenda kwetu, afande, hata chakula hatujakula, na huyu ndugu yangu anaendesha kama konokono!"

"Hawa ni wa Uganda," askari akawaambia wenzake. "Waacheni wapite."

Tuliwapakia wale Waganda Sherikat, tukatoka. Tulipofika Nesitu, Yafesi akasimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akakaa kwenye changarawe.

"Nimesema uongo?" akamwuliza Nyaruot.

"Ulisema Baba mmoja. Uongo uko wapi?"

"Lakini nilijua yule ataelewa vingine. Nilitaka aelewe vingine." Alikuwa analia, mtu mzima. "Na sijui kama ni dhambi. Tangu niokoke sijawahi kutojua. Kama leo nakufa hapa..."

Nyaruot akachuchumaa, akampa maji.

"Mzee, umeanza kuongea Kikatoliki."

Kicheko kilimtoka pamoja na machozi. Nyaruot akaendelea, polepole: "Unachokijua ni hiki: mimi niko hai. Shukuru kwa hicho. Kile kingine kiko kwa mwenye barabara, na yeye hajawahi kuniangusha."

Ilikuwa zamu yangu. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Nyaruot, ujumbe wako niliupata saa tatu. Niliudhani utani. Nilicheka mpaka saa sita."

Nyaruot akafunga kifuniko cha dumu. Malori yalipita, na vumbi likatufunika sote watatu.

"Mara ya pili walikuja saa tano," akasema.

"Maalesh," nikasema. Neno dogo kabisa la kuomba radhi, lakini sikuwa na jingine.

Hakusema amenisamehe. Akasimama, akaenda nyuma ya gari, akavuta begi lake la nguo lililokuwa limebanwa chini ya madumu, akanitwika begani.

"Beba. Si wewe ni mchukuzi?"

Nikalibeba mpaka Nimule, kwenye mapaja, ingawa nafasi ya kuliweka chini ilikuwapo.

Kabla hatujaondoka Nesitu simu ya Yafesi iliita. Mkewe, kutoka ng'ambo ya mpaka, anapiga kelele mpaka sote tunasikia: mmefika? Mmefika? Yafesi akanitazama mimi, akatazama barabara.

"Bado, mama," akasema. "Tuko Nesitu tu."

Mimi nilirudi Juba, maana kuna watu ninaowangojea hapa wajibu mambo waliyoyafanya, nami sitawaachia mji. Niliungama kwa padre zile saa tatu za kicheko. Akaniondolea dhambi. Nikamwambia, kwa ukali, maana ndivyo nilivyo: "Una hakika, Padre?"

"Sehemu ya Mungu nina hakika nayo," akasema. "Ya kwako, Duku, sina. Nenda ukasali."

Nilitoka kanisani nikiwa mwepesi. Zamani jibu kama lile lingeniudhi mwezi mzima.

Yafesi alirudi, bohari yake iko palepale. Dereva akimpigia simu kwamba amefika, humwuliza kwanza anaona nini mbele yake, mto au mbuzi choma. Watu bado anawauliza kama wameokoka, na mimi simwombi tena muhuri. Kila nikiyaorodhesha maovu ya mji huu, na orodha ni ndefu, jina lake hunilazimisha nisimamishe kalamu nimshukuru Mungu.

Nyaruot yuko Adjumani, kambini, kulekule nilikojifunzia kusoma. Anauza chai. Kila Desemba mimi humwandikia neno lilelile. Mwaka jana nilipouliza, jibu lilikuja upesi: "Bado."

Nilikwisha kusimama na kuvaa kiatu kimoja kabla hata sijampigia. Akapokea mara ya kwanza ilipoita, nyuma yake kelele za wateja na vikombe.

"Duku! Niko salama, nimekaa, nakula. Una nini wewe?"

"Hakuna," nikasema. "Nilitaka kusikia tu."

"Umevaa viatu, sivyo?"

"Kimoja."

Alicheka mpaka nikasikia birika limemwagika.