Matembezi ya Bi Mwanamina Baada ya Alasiri

Tangu homa ile mbaya imwachie kizunguzungu, Bi Mwanamina hakupata kwenda harusini akasimama. Alialikwa, akafukizwa udi, akakalishwa kitini kama mgeni wa serikali, na pembe za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, zikapigwa mbele yake na wanawake wengine. Aliyewaongoza sasa mahali pake ni wifi yake Zuena, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye sauti tamu na ulimi mchungu. Zuena alitembea kwa madaha, mpwa wake akimshika kiuno kwa nyuma, na kila alipopita kitini alimwinamia na kumwambia, "Pumzika, wifi." Neno hilo lilimuuma Bi Mwanamina kuliko maradhi yenyewe.

Sasa mjukuu wake Wafa anaolewa baada ya Maulidi, na bibi ameapa: vugo la Wafa ataliongoza yeye, au haendi.

Kombe la dua alikwisha kunywa, kuumikwa ameumikwa, na vidonge amevimeza mpaka vimemzoea. Mwishowe mwanawe Azim akampeleka Kilifi kwa Damaris, binti wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii dunia yazunguka, nishikilie."

"Dunia imetulia, bibi. Homa ndiyo iliyokuharibia mizani ndani ya sikio. Ubongo wako lazima ufundishwe upya, na haufundishiki ukiwa umelala."

Akamfundisha kuinua kidole gumba mbele ya uso, akikazie macho huku akitikisa kichwa. Kisha matembezi ya kila siku: hatua chache uso kulia, hatua chache uso kushoto.

"Kizunguzungu kikija usikikimbie. Kitakuchoka chenyewe."

"Kitanichoka vipi?"

"Kama mgeni asiyepewa chai."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila Damaris hakuujua mtaa. Vichochoro vya Shela, hapo Malindi, ni vyembamba, na kwa joto lile milango hushinda wazi, pazia tu ndilo lizibalo. Mwanamke wa heshima hupita akitazama chini. Na huyu hapa Bi Mwanamina, kila baada ya alasiri, buibui mwilini na mkono ukutani, anatupa uso mlango huu, anatupa uso mlango ule, macho yamemtoka pima! Haki ya Mungu hakuona kitu. Milango ilimpitia ikivurugika kama nguo ndani ya mashine ya kufulia. Lakini nani wa kumwamini?

Haukupita muda, mtaa mzima ukamwita mdaku. Zuena akawakusanya wanawake, wakamwendea Azim, na Azim, ambaye huwaogopa wanawake wa mtaa kuliko polisi, akarudi nyumbani kichwa chini.

"Mama, wasema unawachungulia. Nakuomba uache."

"Nikiacha, mwanangu, nitarudi kitini."

"Basi rudi, mama. Wanakuja kesho uwatake radhi."

Bi Mwanamina alilia jioni ile, kilio cha mtu aliyekwisha kuanza kupona. Asubuhi aliamka hana chozi, akaagiza halua.

Wanawake wakaja, wakaketi, wakamiminiwa kahawa. Bi Mwanamina akawatazama mmoja mmoja kwa upole wa kutisha.

"Nisameheni, jamani. Na mwondoe shaka. Yote niliyoyaona, nimeyasitiri."

Vikombe vikasimama njiani.

"Umeona yapi?" Zuena akauliza.

"Ningekwambia, wifi, ningekuwa nimesitiri nini?"

Mmoja akakumbuka sahani za jirani zilizomo kabatini mwake. Mwingine akakumbuka nywele za bandia alizozianika kitandani. Zuena naye alikumbuka lake, maana aliweka kikombe chini na halua hakuigusa tena. Kabla birika halijapoa, wote walikwisha kukubaliana kwamba kutembea ni jambo la afya, na Bi Mwanamina asikubali kukatazwa na mtu. Siku ya kupanga vugo, jina lake lilipotajwa, hakuna aliyekohoa.

Siku yenyewe alisimama mbele, pembe mkono huu, kijiti mkono huu. Akageuza uso kulia, upande wa kulia ukaitikia. Akageuza kushoto. Mtaa ukayumba kidogo, kisha ukatulia, ukabaki pale pale. Alifurahi hata machozi yakamtoka, na akazidi kupiga. Wafa alilia kwa kumwona. Zuena hakutokea, alituma kusema mguu wamuuma.

Wakati wa kurudi nyumbani, Bi Mwanamina alipita mlangoni kwa wifi yake, na kwa mazoea akageuza uso. Pazia lilikuwa limepeperuka. Kwa mara ya kwanza aliona waziwazi yaliyo ndani ya nyumba ya mtu: Zuena ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeng'ang'ania nguzo, kidole gumba cha mkono wa pili kiko mbele ya uso, macho ameyafumba, na kichwa anakitikisa huku akiguna.

Kumbe yule mpwa wa kushika kiuno hakuwa madaha, alikuwa mkongojo. Na zoezi la kidole, Bi Mwanamina alilifanya chumbani kwake peke yake, dirisha wazi. Mchunguliaji wa Shela alikuwa huyu!

Ulimi ulimwasha. Sauti moja tu, na mtaa mzima ungejaa pale mlangoni. Akaingia, akavuta pazia nyuma yake.

"Macho wazi, wifi. Ukiyafumba haifai kitu."

Zuena akashtuka, karibu aanguke. Bi Mwanamina akamdaka.

"Usimwambie mtu, wifi. Nakuomba."

"Mimi? Mimi si msiri wa mtaa mzima?" Akaketi kando yake, bado amemshika mkono. "Asubuhi nakupeleka Kilifi kwa Damaris. Na tukirudi, baada ya alasiri, tutatembea sote. Wewe utazame kulia, mimi kushoto. Tukifika mwisho wa mtaa, tuhadithiane."