Baba Akae Kushoto

Felisita hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alisimama kabla padre hajawaambia watu wasimame, na tangu waanue matanga ya mume wake, Mayige, hali ilizidi. Alianza kufua akaacha nguo kwenye beseni, akaenda kibandani kwake kando ya barabara ya hospitali kutengeneza sabufa ya mtu, akafungua skrubu nne kati ya sita, akarudi nyumbani kuangalia kama alifunga mlango. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama mkwe wake, Apolonia, alimwambia atulie, haraka haraka haina baraka. Felisita aliitikia kwa kichwa huku miguu ikiwa imeshatoka nje.

Kilichomkosesha utulivu ni kaseti moja. Picha za Mayige alikuwa nazo, sauti zake za kwenye simu alikuwa nazo, na alikuwa amezisikiliza mpaka akajua ni wapi marehemu atakohoa. Yote aliyoyasema Mayige duniani, yeye alishayasikia. Ila kwenye boksi la kaseti za kwaya alikuta moja iliyoandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto: MAYIGE 1993, USIFUTE. Mwaka wa kwanza wa ndoa Mayige alimwambia kwamba akiwa darasa la sita aliandika kitu kwenye kompyuta ya baba yake, na siku moja atamwonyesha. Siku hiyo haikufika. Kwa hiyo palikuwa na neno moja la mumewe lililobaki, na Felisita alilitaka kwa uchungu uliomwamsha kabla ya jogoo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya nyumbani, ya miaka ya themanini, ndogo kuliko rejista ya mahudhurio, kibodi na tumbo kitu kimoja. Haikuwa na skrini. Uliichomeka kwenye televisheni ya kichogo ili uone inasema nini, na kwenye redio kaseti ili ikumbuke, kwa sababu umeme ukizimwa inasahau hata ulichoandika sasa hivi. Kumbukumbu iliyozaliwa nayo haikutosha barua ya posa.

Mzee Januarius, baba mkwe wake, aliachiwa mashine hiyo na mhandisi wa kigeni aliyekuja kufunga mitambo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako mzee alikuwa fundi umeme. Mwingine angeiuza Mwanza. Yeye aliifungua siku ileile, na kwa miaka minane hakuacha kuichokonoa. Aliichomekea nyuma kijisanduku cha kumbukumbu ya ziada. Aling'oa vitufe vyake bapa akaweka vitufe vya mashine ya kuhesabia iliyokufa ofisini. Aliipachikia bati la kopo la maziwa ndani, ili joto lipate pa kutokea. Kila ujanja aliuandika kwenye kaunta buku, kwa lugha ya mtu anayegombana na wasomaji wake: sauti ya redio iwe robo tatu, ikizidi mashine inachanganyikiwa, ikipungua inalala, joto likizidi usiilaumu mashine, laumu uvivu wako wa kutafuta bati. Na ukurasa wa tisa, kwa wino mwekundu: kijisanduku cha nyuma hakipendi kutikiswa. Meza ikiguswa, kila kitu kinafutika. Watoto wakae mbali.

Sasa mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika chuma cha kulehemu. Felisita angeweza hata akiwa amesinzia. Shida ilikuwa ukwe.

Mjini watu siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao kama wagombea udiwani. Nyumba ya Mzee Januarius ilikuwa Somanda, mjini, lakini adabu yake ilibaki kijijini Nkololo alikozaliwa. Mke wa mwana haingii sebuleni baba mkwe akiwamo. Hampi kitu mkono kwa mkono. Hamwiti, haketi anapoketi yeye, na akikutana naye anapiga magoti na kuamkia macho yakiwa chini. Kwa miaka kumi na saba Felisita na mzee walikuwa wakipendana sana kwa mtindo huo, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Basi Jumamosi kazi ilianza hivi: Felisita sebuleni na mashine, mzee barazani chini ya dirisha, Apolonia mlangoni akichambua choroko na kubeba maneno. Mzee, aliyemwita mkwewe mayu, yaani mama, alisema, "Mwambie mayu asugue meno ya shaba ya kijisanduku kwa kifutio." Felisita alisikia vizuri kabisa, lakini alisubiri Apolonia arudie. Kisha akajibu kwa Apolonia kwamba ameshasugua, na mzee, ambaye naye alisikia, akasubiri aambiwe. Mpaka saa nne Apolonia alilalamika kwamba wanamchosha kinywa bure, akajifunga kanga akaenda jumuiya.

Felisita alikuwa amejaribu kwanza kuinakili kaseti kwa simu. Mashine iliikataa nakala hiyo. Simu ilikuwa imesafisha sauti kama inavyosafisha kelele za pikipiki, na kelele ndizo zilizokuwa maandishi yenyewe. Ilibaki kaseti halisi, na utepe wake ulikuwa unamwaga vumbi la kahawia kila ukizunguka.

Akapangusa kichwa cha redio kwa spiriti, akaweka sauti robo tatu, akabonyeza. Mlio mkali ukajaa chumba, televisheni ikajaa michirizi inayokimbia. Kulingana na daftari ilikuwa dakika sita. Dakika sita kwa Felisita ni adhabu. Alisimama, akakaa, akahesabu vigae, akauma kucha. Dakika ya tano, mlango ukafunguka. Mzee Januarius alishindwa kuvumilia. Alikuwa ameusikia mlio huo mara ya mwisho miaka thelathini iliyopita, na akaingia bila kukohoa.

Felisita hakufikiri. Magoti ndiyo yaliyofikiri. Alishuka chini kama alivyoshuka kwa miaka kumi na saba, macho sakafuni, na bega lake likagonga ukingo wa meza.

"Mwadila, baba," alimwamkia.

Mzee hakuitikia. Alikuwa akiitazama televisheni. Kijisanduku cha nyuma kilikuwa kimecheza, na skrini ilikuwa nyeupe tupu.

Akatoka, akarudi chini ya dirisha lake. Felisita alilia palepale sakafuni, kwa hasira ya kuharibu kitu kwa heshima. Kisha, kwa kuwa hajui kungoja, aliinuka akarudisha kaseti nyuma kwa pupa, na redio ikaula utepe. Aliuchomoa taratibu, akaunyoosha kwa kidole, akauzungushia ndani kwa kalamu ya Biki. Sehemu iliyokunjamana ilikuwa mwanzoni, kabla ya maandishi kuanza, lakini utepe ulikuwa umelegea. Kama fundi alijua una mzunguko mmoja umebaki, na mkono wake ulikuwa tayari umeenda kwenye kitufe.

"Mayu," ilisema sauti dirishani. "Usibonyeze."

Felisita akaganda. Apolonia alikuwa bado jumuiya. Mzee alikuwa anasema naye moja kwa moja.

"Kuna ujanja mmoja haumo kwenye daftari. Niliuogopa. Toa kijisanduku, vuta waya kutoka kila jino, ulehemu moja kwa moja kwenye bodi. Hata meza ipigwe na maksai, hakitacheza. Lakini ukishakifunga hivyo hakitoki tena."

"Sitaki kitoke, baba," alijibu Felisita, na hakusubiri mtu wa kubeba jibu.

Waya zilikuwa ishirini na tatu, na nafasi kati ya jino na jino haikuzidi punje ya mtama. Zilimchukua Jumamosi yote iliyobaki na Jumapili baada ya misa. Kila mara mkono ulipotaka kukimbia, sauti ya dirishani ilimuuliza amefika ya ngapi. Alitaja namba. Mzee alimwambia apoze chuma, ahesabu kumi, aendelee. Felisita alimchukia kwa hesabu hiyo, na alihesabu.

Kwenye waya wa kumi na saba mzee alianza kusema mambo mengine. Alisema Mayige alikuwa akiitumia mashine baba yake akiwa kazini, na mzee alijua, kwa sababu alikuwa akikuta bati lina joto. Jioni moja kijana alimwomba aje aone kitu. Akamwambia angoje amalize kwanza kuongeza kumbukumbu. Alipomaliza kumbukumbu alianza vitufe. Alipomaliza vitufe mtoto alikuwa amekwenda shule ya bweni, na hakuomba tena.

"Niliiongezea kila kitu, mayu. Kukaa mbele yake na mwanangu ndiko sikukaa."

Felisita alilehemu wa kumi na nane.

Jumatatu alasiri hakufungua kibanda. Apolonia alikuwapo, amesimama mlangoni na bakuli la karanga ambalo hakuna aliyeligusa. Mzee alikuwa dirishani. Felisita aliigonga meza kwa ngumi mara mbili kujaribu, na skrini haikutingishika. Akabonyeza. Mlio ukaanza. Safari hii alikaa chini na kujishika mikono, kwa sababu hakujiamini. Dakika ya sita mlio ukakoma, na ndani ya redio utepe ukakatika kwa sauti ndogo. Aliusikia. Kaseti ndiyo basi. Kilichokuwa ndani sasa kilikuwa kwenye mashine peke yake, na kitakaa humo mradi umeme upo.

Skrini ikaandika:

PLAU LA WAWILI
BABA AKAE KUSHOTO
MAYIGE KULIA

Aliyasoma kwa sauti, kwa ajili ya dirisha. Kisha hatua za mzee zikazunguka baraza, akaingia mlangoni akipita kando ya mke wake. Felisita alianza kushuka.

"Usipige magoti," alisema mzee. "Yalishatugharimu."

Alikaa kwenye kiti cha kushoto. Felisita alibaki wima, hajui pa kuweka mwili wake, na kwa mara ya kwanza miguu yake haikujua pa kwenda. Akamtazama Apolonia. Apolonia alivuta kigoda kwa mguu, akakisogeza upande wa kulia wa meza.

"Kaa," alisema. "Mimi nipo. Nani atasema nini?"

Felisita akakaa kwenye nafasi ya Mayige.

Mchezo ulikuwa shamba la nukta na ng'ombe wawili wa herufi, B na M, waliofungwa kwenye plau moja. Wa kushoto anabonyeza Z, wa kulia anabonyeza P, kwa zamu. Mmoja akienda mara mbili, plau inalala na mstari unaanza upya. Felisita aliilaza plau mara tatu. Kidole cha mzee kilikuwa kinatetemeka juu ya kitufe alichokipachika mwenyewe, kinatafuta, kinapotea, kinarudi. Ilibidi amngoje. Alimngoja. B ikasogea, M ikasogea, na nukta zikafutika moja moja mpaka mwisho wa shamba.

Skrini ikasafishika, ikaandika:

TUMEMALIZA
KESHO TENA BABA? N AU H

Mzee aliisoma kimya, midomo ikicheza. Machozi yalimshuka na hakuyapangusa. N, yaani ndiyo, ilikuwa karibu na mkono wa Felisita, na angeweza kuibonyeza kwa kidole cha mwisho. Aliuondoa mkono wake, akaupakata. Mzee alinyoosha wake kupitia mbele yake, polepole, akaikosa mara mbili, akaibonyeza.

Shamba jipya likajaa nukta. Apolonia aliuliza kama luku ina uniti za umeme za kutosha. Felisita alisema zipo, akasubiri baba mkwe wake aanze.