Saa Nne Penye Ukingo

Juma la kwanza hatukuiwasha. Jackson, mume wangu, alitaka kwanza niisukume pikipiki yake kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa parachichi na kurudi, mpaka niujue uzito wake.

"Ukishindwa kuishika imezimwa," alisema, "ikiwaka itakushika yenyewe."

Nikaisukuma siku sita. Siku ya saba, tulipotoka ibadani, akanionyesha kiki, klachi na gia. Nilipoiwasha iliruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, ikazima. Akacheka, nami nikacheka.

Sababu ya kujifunza ilikuwa kazi. Kituo cha maziwa cha hapa kwetu Kisiba kilikuwa kinatafuta mtu wa kupita kwa wafugaji kila asubuhi na kukusanya maziwa kwa pikipiki ya kituo. Msimamizi, Meshaki, alisema wazi kwamba angependa mwanamke, maana wanaokamua ni akina mama, na wengi hawapendi mwanamume mgeni awagongee alfajiri. Ila lazima mtu apimwe: mitungi miwili ya lita ishirini imejaa maji, kutoka kituoni hadi njia panda ya kanisa na kurudi, bila kuanguka wala kushusha mguu chini. Unapewa mizunguko miwili. Nikishindwa yote miwili, Jumatatu angemchukua dereva mmoja wa Makandana.

Niliitaka kazi ile. Nina miaka thelathini na minne. Nimelima, nimebeba ndizi kichwani mpaka soko la Tukuyu, nimelea. Lakini hapakuwa na kazi hata moja ambayo mtu angeinyoshea kidole na kusema, hii ni ya Tusekile.

Jambo moja lilinitia wasiwasi, nalo ni baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hapishani naye njiani, wala jina lake halitamki. Ndiyo maana hata hapa silitaji. Mjini wengi wameacha. Yeye hajaacha, na mimi nililelewa na bibi, kwa hiyo miguu yangu hutii kabla kichwa hakijaamua. Nikimsikia anakohoa njiani, naingia migombani, nampa mgongo, nasubiri apite. Naye hukohoa makusudi kila akikaribia kona, kwa adabu yake. Kwa miguu ni rahisi. Ukiwa juu ya pikipiki kikohozi hukisikii.

Nilipomweleza Jackson, alinishika bega. "Baba niachie mimi. Nitamwambia saa zako za mazoezi asipite barabarani."

Na kweli, majuma yote matano sikukutana na mzee hata mara moja. Nilimshukuru mume wangu kwa hilo kuliko kwa klachi na gia.

Vijembe havikukosekana. Pale dukani kuna benchi, na wanaume wanaokaa hapo walituona tukipita, mimi mbele nimeshika usukani, Jackson nyuma.

"Jackson, mwe! Siku hizi unapakatwa?"

"Mshike kiuno vizuri, baba Lilian, usije ukadondoka!"

"Mwacheni, bado kidogo ataanza kwenda kliniki!"

Jackson alicheka nao. "Wivu tu huo," aliwajibu. Nilisikia kicheko chake nyuma ya shingo yangu. Uso wake sikuuona.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya kupimwa, alinichorea njia nzima kwenye majivu kwa kijiti. Hapa kituo, hapa mlima, hapa njia panda ya kanisa. Katikati akaweka alama penye ukingo mwekundu, pale barabara inapobanwa kati ya ukuta wa udongo na mtaro.

"Hapa tope haliishi. Shuka na gia ya pili. Breki ya mbele usiiguse kabisa, itakutupa. Mnaanza saa ngapi?"

"Meshaki kasema saa nne kasoro dakika tano."

Akafumba macho, akahesabu. "Basi ukirudi, hapa ukingoni utapita saa nne na dakika tano, au kumi. Utatumia njia hii hii?"

"Hii hii."

"Sawa," alisema, akayafuta majivu kwa kiganja.

Asubuhi ilikuwa imenyesha. Meshaki alikagua kamba za mitungi. Winfrida, karani wa kituo, alishatangulia kanisani ili ashuhudie kwamba nimefika. Mlima wote unaonekana kutoka kituoni, isipokuwa pale ukingoni.

Nilipanda vizuri. Nilifanya kama nilivyofundishwa: mafuta kidogo, klachi polepole, macho mbali. Ukingoni hapakuwa na mtu. Njia panda Winfrida alipiga makofi, nikageuza bila kushusha mguu, nikaanza kuteremka.

Nilipoikunja kona ya ukingo nikaona koti la kahawia na kofia. Baba mkwe alikuwa amesimama pale pale barabara ilipobanwa, akitazama upande wangu.

Sikufikiri. Mkono wa kulia ulibana breki ya mbele. Pikipiki ikanitupa mtaroni, mtungi mmoja ukakatika kamba na kubingirika migombani. Nikajikuta nimelala ubavu, injini bado inanguruma, gurudumu linazunguka hewani. Na badala ya kuizima, nilikuwa nimevuta kitenge changu nimejifunika uso.

Nilipopata akili nikaizima. Goti lilikuwa linatoka damu. Mzee alishageuka, paji la uso karibu liguse udongo wa ukingo. Hakuweza kunisaidia wala kuniuliza. Kisha akaanza kusema, si na mimi, na migomba.

"Ninyi migomba, mwambieni mke wa Jackson sikujileta. Mwanangu alinipigia simu asubuhi. Akasema, baba, saa nne usimame ukingoni, gari la miche ya parachichi linapita hapo. Akasema nisisogee hata hatua moja, dereva ni mgeni, hapajui. Mwambieni mimi namsubiri huyo dereva."

Sikumjibu, kwa kuwa sijibu. Niliinua pikipiki. Ilikuwa nzito kuliko ile ya nyumbani, lakini kuinua nilikuwa nimefundishwa pia. Niliufuata mtungi, nikaufunga. Nilipoondoka, mzee alikuwa bado ametazama udongo, akisubiri gari lisilokuwepo, na mdomo wa kumwambia haliji sikuwa nao.

Njiani nilijaribu kumtetea Jackson. Labda kuna gari kweli. Labda alisahau saa. Lakini saa aliihesabu mwenyewe, macho yamefumba, mbele yangu.

Kituoni watu walikuja mbio. "Pole, mama Lilian! Umeumia?" Meshaki alitazama goti langu, kisha kioo cha kulia cha pikipiki, kilichokuwa kimepasuka.

"Mzunguko wa kwanza umeharibika," alisema. "Una wa pili. Ukitaka kupumzika, pumzika."

Jackson alisimama nyuma ya watu. Nilimvuta pembeni ya tangi la maziwa.

"Gari la miche limeshafika?" nilimuuliza.

Akaitazama mitungi. "Gari gani?"

"Ambalo baba analisubiri ukingoni."

Akakwangua tope la kiatu kwenye mguu wa tangi. Nilisubiri aseme chochote, hata uongo.

"Mpigie simu aondoke," nilimwambia. "Mimi siwezi kumwambia. Wewe unaweza."

Akaitoa simu mfukoni, akaibonyeza, akairudisha. "Haina chaji."

Kioo cha simu kilikuwa kimewaka. Nilikuwa nimeiona saa: saa nne na dakika arobaini. Nilipoanguka sikulia. Hapo ndipo nilipotaka kulia, maana la ukingoni angeweza kusema ni wazo baya lililompata, lakini hili la simu alilifanya akinitazama goti.

Nikarudi kwa Meshaki. "Naenda sasa hivi."

Safari hii ningempita mzee mara mbili, na mara ya kwanza ni mlimani, mahali ambapo ukisimama mguu lazima ushuke. Nilipanda nikiwaza. Kusimama siwezi. Kumpita uso kwa uso siwezi. Kukohoa hatanisikia. Nikabakiza kona moja, ndipo kidole gumba cha kushoto kikagusa kitufe cha honi. Jackson alinifundisha honi kwa ajili ya ng'ombe na watoto.

Nikaibonyeza mara mbili, fupi fupi, kama mtu anayekohoa. Nikasubiri kidogo. Mara mbili tena.

Nilipoikunja kona barabara ilikuwa tupu. Juu ya ukingo majani ya migomba yalikuwa yanatikisika, na koti la kahawia likinipa mgongo. Mzee wa miaka sabini na kitu alikuwa ameingia migombani kunipisha mimi. Nilipita nimeinamisha kichwa. Wakati wa kurudi nilipiga honi tena, na majani hayakutikisika. Hakuwa ametoka.

Nilipofika kituoni Meshaki alifungua mitungi, akachungulia, akaifunga. "Jumatatu, saa kumi na mbili kamili," alisema. "Usichelewe, maziwa hayasubiri mtu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nyuma yao nilimsikia mmoja wa wale wa benchini akisema, "Jackson, mkeo dereva kweli!" Na Jackson akajibu kwa sauti ya furaha kabisa, "Kwani alifundishwa na nani?"

Nyumbani nilikaa kwenye kigoda nikaosha goti. Yeye alisimama mlangoni.

"Sikutaka uanguke," alisema. "Nilitaka usimame tu. Ushushe mguu, uchelewe, Meshaki akatae, basi yaishe."

"Ungesema hapana tangu mwanzo."

"Ningesemaje hapana, na nilishaanza kukufundisha mbele za watu? Nilidhani utachoka juma la kwanza, la kusukuma."

"Kwa hiyo ukamtuma baba yako."

"Wale wa benchini wewe wanakuacha, mama Lilian. Mimi hawaniachi. Asubuhi wananisema, jioni wananisema." Akafuta uso. "Halafu fikiri mwenyewe. Hiyo njia ni yake pia. Utakutana naye kila siku. Utafanyaje?"

"Nitapiga honi."

Sikumpigia kelele. Maneno ya benchini nayajua, yanachoma, na mwanamume wa huku akichekwa hana pa kujificha. Hilo naweza kulielewa. Ninaloshindwa kulimeza ni kwamba kati ya vyote alivyojua juu yangu, hata hofu yangu ya mteremko, alichagua heshima ninayompa baba yake, akaitegea hiyo. Na mzee wa watu akamsimamisha kama kigingi. Jioni ile baba mkwe alirudi bila miche. Nilisikia kutoka jikoni akimuuliza mwanawe, mara moja tu, "Gari, Jackson?" Jackson alijibu kwa sauti ndogo, sikusikia alichosema.

Jumatatu nilimaliza mzunguko wangu wa kwanza wa kazi bila kumwaga. Mchana nikaenda Msasani ya Tukuyu kwa fundi Bushiri kubadilisha kioo. Bushiri ni mtu wa maneno mengi, na ufundi alirithi kwa baba yake aliyekuja kutoka Tanga. Akiwa anafungua nati nilianza kumuuliza, jambo moja moja.

"Fundi, kwenye tope breki ipi?"

"Ya nyuma, shemeji. Ya mbele ukiigusa unaoga."

"Mlimani ikiwa na mzigo, klachi naachiaje?"

Akanieleza. Ilikuwa vile vile. Nikauliza upepo wa tairi. Nikauliza kuinua pikipiki iliyolala, kufunga mitungi, gia ya kushukia. Nilipitia majuma yote matano, siku baada ya siku, kama mtu anayechambua mchele. Bushiri alisimamisha kazi akanitazama.

"Mbona kama unanipima? Yote unayajua. Aliyekufundisha hakukuficha kitu, wallahi. Nani huyo?"

"Mume wangu."

"Basi una bahati. Mimi wangu nimemnyima hata baiskeli!" Akacheka mpaka spana ikamponyoka.

Nilikuwa nimetumaini kupata kosa moja. Moja tu. Ningejua siku aliyoanza kunigeuka, na siku za kabla ya hapo zingebaki zangu. Lakini yote yalikuwa sahihi, mpaka yale ya Ijumaa kwenye majivu.

Jumanne nilifunga mitungi kukiwa bado na ukungu. Jackson alitoka na kikombe cha chai, akanipa, akanishikia taa huku nikikaza kamba.

"Leo unarudi saa ngapi?" aliuliza. "Na unapita njia ipi?"

Nilikunywa chai, nikamrudishia kikombe. Nikamwambia saa. Njia sikumwambia.